Kioo cha Nne

Sehemu ya Tisa

Sauti ya mwanamume!

Hapo ndipo tulipomwacha Restuta wiki jana, msomaji wangu. Mkono umeshika pazia, mtoto yuko mgongoni, miguu imegoma. Chumba kile cha Kinjumbi kilikuwa cha Bi Siti, mjane, aliyekuwa kwenye mwezi wa pili wa eda yake. Hata shehe alipokuja kumpa nasaha aliongea akiwa barazani. Na leo nyuma ya pazia kuna mwanamume anaguna!

"Imekaza hii," sauti ilisema. "Nipe mafuta ya nazi, tone tu."

Restuta hakupiga hodi ya pili. Alifunua pazia.

Mwanamume mnene alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Mbele yake, imelazwa kifudifudi kama mbuzi anayesubiri kuchunwa, ilikuwa mashine. Ile ile! Kioo chini, mgongo juu. Skrubu tano zilikuwa zimeshatoka, zimewekwa kwenye kisosi cha chai. Ya sita ndiyo iliyokaza.

"Usiifungue!" Restuta alipiga kelele.

Mtoto akashtuka mgongoni, akaangua kilio. Mwanamume akageuka, bisibisi mkononi.

"Nani huyu anayenipigia kelele nyumbani kwa dada yangu?"

"Mgeni wangu," alijibu Bi Siti, ameketi kitandani ndani ya nguo zake nyeupe za eda. "Na wewe Abdulwahab ungekuwa na adabu ungemwitikia hodi yake. Karibu, mwanangu. Huyu ni kaka yangu wa tumbo moja. Hakuna la haramu humu ndani, labda hiyo bisibisi yake."

Kaka! Pumzi zikamrudia Restuta. Lakini bisibisi ilikuwa imesharudi kwenye skrubu ya sita.

"Shikamoo, mjomba. Nakuomba uiache kwanza."

"Marahaba. Niiache ili uichukue wewe? Nimesikia jana ulikuja kuikodolea macho. Mnajua wenyewe kilichomo."

"Kilichomo nini?"

Abdulwahab alitazama dirishani, kisha akashusha sauti. "Zebaki nyekundu. Kijichupa kidogo tu, kama cha wanja. Yuko mtu Dar anazinunua kwa mamilioni, anazitafuta kwenye cherehani za zamani, kwenye redio za zamani, na hizi ndizo mama yao."

Restuta alitaka kucheka, akashindwa. "Mjomba, mume wangu amefungua tatu kama hii. Ndani kuna nyaya, kibao cha kijani, vumbi na mende waliokufa."

"Tatu?" Abdulwahab alipiga paja. "Dada, umesikia? Tatu! Kumbe ndiye aliyemaliza zebaki ya pwani nzima! Halafu anamtuma mkewe aje kuchukua na hii iliyobaki!"

"Hicho kioo ndani hakina hewa. Ukikigonga vibaya kinapasuka na vigae vinakurukia usoni. Mume wangu akikifungua ananitoa nje mimi na mtoto."

Bisibisi ilisita kidogo, kisha ikasukumwa. Skrubu ikalia kwiii, ikazunguka nusu.

"Abdu," Bi Siti aliita.

"Naam, dada."

"Hiyo mali ni ya nani?"

"Ya marehemu shemeji."

"Imegawanywa?"

Abdulwahab alifuta bisibisi kwenye shati.

"Nakuuliza, mirathi imegawanywa? Kuna shehe aliyekaa hapa akataja fungu la nani na la nani?"

"Bado, dada, lakini mashine yenyewe inaoza tu..."

"Acha ioze. Wewe ni shemeji yake Rashidi, si mrithi wake. Humu ndani huna hata kijiko. Zirudishe hizo skrubu."

Basi lile jitu lilirudisha skrubu moja moja, midomo imevimba kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Alipomaliza alichomeka bisibisi mfukoni na kwenda barazani. Pazia likatulia.

Restuta aliketi mkekani.

Uliyelikosa gazeti hili majuma ya nyuma, nikupe kwa ufupi kwa nini mashine isiyowaka imemfikisha mama mwenye mtoto wa miezi saba huku Kinjumbi.

Mwaka 1973 Shirika la Korosho na Nazi la Kusini liliagiza terminali nne. Terminali ni kioo na kibodi vilivyoungana, mashine isiyo na akili yake yenyewe, inayoongea kwa waya wa simu na kompyuta kubwa iliyoko Dar es Salaam. Baadaye kidogo serikali ikafunga mlango wa kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo zikabaki hizo hizo nne pwani yote ya kusini. Miaka ikapita, Shirika likafilisika, mwekezaji akalinunua, vitu vyake vikapigwa mnada. Ndipo Klementi, mume wa Restuta, fundi aliyepunguzwa kazi, alipoanza kuzikusanya zile terminali kama wengine wanavyokusanya stempu.

Risiti yake ya mnada ilisema namba moja, namba mbili na namba tatu. Namba nne haikuuzwa. Ilipotea ghalani.

Sasa sikia balaa. Kati ya zile tatu za Klementi, moja haina kibati cha namba mgongoni. Kondo, mtunza ghala, akaenda polisi na kusema hiyo isiyo na kibati ndiyo ya nne, Klementi ameiiba. Klementi akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto wao, Benjamini, akaapa kwamba ni namba mbili, kibati kilidondoka tu. Siku tisa sasa yuko mahabusu kituo cha Kilwa Masoko, na Restuta amehamia huko ili ampelekee chakula. Kesi ni Jumatatu, na leo ni Alhamisi.

Restuta alipopata habari kwamba Rashidi, mlinzi wa zamani wa ghala, alikuwa na mashine ya aina hiyo nyumbani kwake Kinjumbi, moyo uliruka. Hiyo ndiyo ya nne! Ikionekana na kibati chake, Klementi anatoka! Lakini alipofika jana, Rashidi alikuwa ameshazikwa, naye akatoa mkono wa pole na kushindwa kusema kilichomleta.

Leo alikuwa peke yake na mjane na mashine.

"Mama," alisema, "naomba niitazame mgongoni."

"Tazama. Kutazama hakugawanyi mirathi."

Aliivuta kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Plastiki yake ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Alipitisha kidole chini ya matundu ya hewa, mahali Klementi alipomwonyesha kwenye zile nyingine.

Matundu manne ya skrubu. Katikati yake, mstatili mdogo mweupe kama maziwa, mahali ambapo mwanga haukuwahi kufika.

Kibati hakipo!

Restuta aliweka paji la uso kwenye ile plastiki. Hakulia kwa sauti. Ila mtoto anajua mgongo wa mama yake, na Benjamini alinyamaza ghafla.

"Mwanangu," Bi Siti alisema taratibu. "Hukuja kunipa pole."

"Nilikuja kwa yote mawili, mama."

"Jana uliposhika mkono wangu machozi yako yalikuwa ya kweli. Niliyaona, nikajiuliza, huyu binti wa Lindi alimjulia wapi Rashidi wangu? Kumbe ulikuwa unamlilia wa kwako."

Restuta akasema yote. Alisema habari za Kondo, risiti, kiapo, na ile nyumba ya vyumba viwili kule Lindi ambayo kimoja kimejaa vioo. Alisema jinsi Klementi anavyozipanguza zile mashine kwa brashi ya kunyolea, anavyobonyeza kibodi isiyo na umeme ili asikie tu mlio wake, na anavyosema iko siku zitawaka na watoto wa walimu na wa wavuvi watakuja jioni kujifunza.

"Majirani wanasema amechanganyikiwa," alimalizia.

Bi Siti alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu Restuta amfahamu. "Na mimi waliniambia hivyo hivyo. Rashidi kila Ijumaa akirudi msikitini anaivua kitambaa, anaipanguza, anaifunika tena. Nikamwambia, bwana, ungenipanguza mimi hivyo ningekuwa bado msichana."

"Aliipataje, mama?"

"Bati la ghala lilitoboka, mwaka themanini na sita. Mvua inaingia, mashine inalowa, wakubwa wameshakimbia, mshahara hauji. Akaibeba kwa baiskeli kutoka kule mpaka hapa. Nikamwambia rudisha, watakuita mwizi. Akanijibu, mimi ni mlinzi, lindo halijakwisha mpaka nimkabidhi mtu. Akamsubiri huyo mtu wa kumkabidhi. Miaka kumi, mwanangu. Lori lolote likisimama barabarani anasema, wamekuja. Hawakuja."

"Na kibati? Alikitoa yeye?"

Bi Siti alikunja pindo la nguo yake, akalikunjua.

"Nilikitoa mimi."

"Wewe?"

"Siku ya tatu ya msiba. Vijana wanatafuta kibao cha kuandika jina lake waweke kichwani. Nikasema cha mti mchwa watakimaliza masika moja. Kile kibati cha mashine hakishiki kutu. Rashidi amekipanguza miaka kumi, kiende naye. Nikawapa. Wakakigeuza upande ulio laini, wakachonga jina lake kwa msumari. Upande wa namba wakaupaka lami, wakakipigilia kwenye nguzo."

Kitu alichokitafuta Restuta kwa siku tisa kilikuwa kaburini! Upande mmoja jina la marehemu, upande wa pili namba ya kumwokoa mumewe.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo wote wawili waliliona kwa wakati mmoja.

"Kikitoka pale," alisema Bi Siti, "kitatoka na jina lake. Afande atasoma pande zote mbili. Atauliza, mali ya Shirika ilifikaje kwenye kaburi la mlinzi? Kesho yake Kinjumbi nzima itasema Rashidi alikuwa mwizi. Na mimi niko humu ndani, siwezi hata kutoka uani nikajibu."

Restuta alisimama. Alikaza kanga iliyombeba mtoto.

"Basi, mama. Siwezi kumtoa mume wangu kwa kumtia wako. Unisamehe. Nitamwambia Klementi sikukuta kitu."

Alifika kwenye pazia.

"Jana mumeo alikula nini?"

"Ugali na dagaa. Nilimwachia dada wa jirani ampelekee."

"Anakula au anabakiza?"

"Anabakiza, mama. Anasema nimpe mtoto."

Bi Siti alishusha miguu kutoka kitandani. Akatafuta ndala kwa vidole.

"Abdulwahab!"

Yule jamaa aliingia haraka mno. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisikiliza.

"Nenda makaburini. Kang'oe kile kibati, weka jiwe zuri mahali pake mpaka nitakapokirudisha."

"Mimi? Ning'oe kaburi la shemeji mchana kweupe?"

"Asubuhi hii hii ulikuwa unaichuna mashine yake mchana kweupe."

"Ile ni mashine, dada! Huyu ni maiti!"

"Basi huyo ndiye asiyekudhuru. Nenda. Halafu simamisha lori la chumvi linalokwenda Masoko. Tunakwenda watu watatu na mtoto."

"Watatu gani? Eda yako je?"

"Shehe alinifundisha mwenyewe. Kwa dharura, mchana, na maharimu wangu, ndugu asiyeweza kunioa, nirudi kwangu kabla ya kulala. Maharimu ni wewe, Mungu anisaidie. Rashidi alikufa hajakabidhi lindo. Nitamkabidhia mimi. Nikikaa hapa nikanyamaza, ndipo atakapokuwa mwizi kweli."

Restuta alipiga magoti akamshika mikono, naye Bi Siti akamwambia anyanyuke, atamwangusha mtoto.

Walipotoka, uani palikuwa na wanawake watatu wanatwanga. Michi ilisimama hewani. Mjane wa eda anatoka nje, jua limewaka! Mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Semeni kwa sauti," Bi Siti alisema akipita. "Masikio yangu hayako eda."

Abdulwahab aliwakuta barabarani akihema, leso yake imefungwa fundo mara tatu. Hakutaka kuishika kwa kiganja. Aliining'iniza kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba panya.

"Nimesoma Fatiha mara saba," alisema. "Na bado nimesikia kama mtu ananiita."

"Ni mimi," Bi Siti alijibu. "Nilikuita ukazane."

Lori likasimama. Bi Siti hakukubali kukaa mbele karibu na dereva. Walipanda juu ya magunia ya chumvi, kaka mtu akajibanza katikati kama ukuta, na dereva akawauzia mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa. Bi Siti akampokea Benjamini mapajani. Mtoto akashika kidole chake, akalala.

Restuta alifungua leso.

Juu palikuwa na maandishi ya msumari, yamepinda lakini yamekolea: RASHIDI BIN ABILAHI. Alikigeuza. Nyuma ilikuwa lami tupu, nyeusi, imekauka kama ngozi ya kenge.

Alichovya ncha ya kanga kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua.

Lori liliruka mashimo. Lami ilitoka kidogo kidogo, ikimchafua mpaka kwenye kucha. Kwanza ikatokea herufi ya K. Kisha neno zima: KOROSHO. Bi Siti akatabasamu. Kisha mwaka: 1973.

"Ndiyo yenyewe!" Restuta alisema. Machozi yalimtoka na kicheko pamoja. Jumatatu! Jumatatu Klementi angelala kwake! Angemkuta Benjamini ameota jino. Alishaiona nyumba yake, alishausikia mlio wa kibodi chumba cha pili.

"Punguza mbio, utakifuta hata maandishi," Abdulwahab alimtania. "Kikifutika tutaapa kwa lipi?"

Ikatokea NA, kifupi cha namba. Baada yake tone la mwisho la lami, kubwa kama punje ya mahindi yaliyokauka, limeifunika namba yenyewe.

Alisugua. Upande wa juu pakatokea kitu kilichopinda.

Mkono ukapunguza mwendo. Nne haina mgongo wa mviringo. Restuta alifundishwa kupiga chapa na Klementi mwenyewe, jioni baada ya jioni. Anazijua namba kwa umbo lake hata gizani. Akasugua tena, sasa polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Shingo ikashuka upande wa kushoto. Chini yake, mkia ulionyooka.

"Nne?" Bi Siti aliuliza. "Miwani yangu nimeiacha."

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kukitupa porini na kusema kimemponyoka.

"Mbili, mama."

Upepo ulipita juu ya magunia.

"Mbili?" Abdulwahab alidaka. "Si mmetutoa nyumbani kwa ajili ya nne? Nimeng'oa kaburi kwa ajili ya mbili?"

"Nyamaza, Abdu." Bi Siti alikuwa akimtazama Restuta usoni. Alifikiri kwa muda, na alipofika alipokuwa akienda, sauti yake ilishuka. "Kwa hiyo ya Rashidi ndiyo namba mbili. Na hiyo ya mumeo, isiyo na kibati..."

"Ndiyo ya nne, mama."

Amelisema! Namba nne, ambayo haikuuzwa, iliyopotea ghalani, iko chumba cha pili nyumbani kwake Lindi. Yeye mwenyewe ameipanguza vumbi kwa mkono wake. Na Klementi, kiganja juu ya utosi wa mwanawe, aliapa ni namba mbili. Namba mbili ambayo kwa miaka kumi ilikuwa Kinjumbi chini ya kitambaa cha mlinzi!

Labda alidanganywa siku ya mnada. Labda walimpa isiyo yake naye akaipokea bila kujua. Labda. Lakini Klementi anazijua mashine zile mkwaruzo kwa mkwaruzo. Anawezaje kutoijua?

Lori lilipunguza mwendo. Walikuwa wamefika Nangurukuru, njia panda. Kushoto ni Kilwa Masoko, kituoni. Mbele ni Lindi, nyumbani.

Bi Siti alimsogelea, akaongea sikioni.

"Shuka hapa. Panda gari la Lindi, ukamlee mwanao. Kibati nipe mimi, nitakirudisha kilikotoka. Kondo hana ushahidi ila maneno yake, na huu ushahidi hajui kama upo. Jina la mumeo litapona na la wangu litapona. Hajui mtu, ila sisi watatu na marehemu."

"Mimi sijui kusoma," Abdulwahab alisema haraka, yeye ambaye asubuhi ile alikuwa na gazeti kwapani.

Dereva alitoa kichwa. "Wa Lindi shukeni! Nani anashuka?"

Restuta alikitazama kibati. Akamtazama Benjamini, mdomo wazi, utosi unapiga taratibu, pale pale kiganja kilipowekwa.

"Siku tisa nimempelekea chakula, mama," alisema. "Sijamwuliza swali hata moja."

"Na ukimwuliza ukapata jibu usilolitaka?"

"Nitakuwa nalo. Nikishuka hapa nitapika, nitamfulia, nitalala ubavuni pake, na kila nikimtazama nitakuwa namtazama mtu nisiyemjua. Nampenda, mama. Ndiyo maana siwezi."

"Kwa mkono wako mwenyewe, mwanangu?"

"Kwa nani mwingine?"

Bi Siti alivuta pumzi ndefu. Kisha akajifunga buibui vizuri. "Basi na mimi sishuki. Nilishavaa ndala."

Restuta alipiga bati la lori kwa kiganja, mara mbili.

"Hakuna anayeshuka! Kata kushoto, dereva!"

Kituoni walipokelewa na afande mmoja wa makamo, mtaratibu, aliyemwona mjane wa eda na kusimama mwenyewe ampishe kiti. Bi Siti hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ni mke wa Rashidi, mlinzi wa ghala la Shirika. Mume wangu amefariki hajapata wa kumkabidhi lindo lake. Nimekuja kumkabidhia. Mashine iko kwangu, haijakosa skrubu hata moja. Huyu kaka yangu ni shahidi, ameshazihesabu zote."

Abdulwahab akakohoa.

Afande aliweka kalamu chini. "Mama, hili ni jambo kubwa. Lina alama yoyote ya kulithibitisha?"

Restuta alisogea mezani. Vidole vilikuwa vyeusi kwa lami. Alikiweka kibati juu ya meza, upande wa jina la marehemu juu, upande wa namba chini. Hakutaka namba ionekane kwanza. Alitaka aonane na macho ya mumewe kabla ya afande kukigeuza.

"Naomba mume wangu aletwe, afande. Nataka ajibu swali moja mbele yako."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Klementi aliingia pekupeku, ndevu zimemjaa, amekonda. Alipomwona mtoto uso ulimchanua, akanyoosha mikono.

Kisha akakiona kile kibati mezani.

Mikono ilishuka. Rangi ilimtoka usoni. Hakumtazama tena mtoto, wala mkewe, wala yule mjane mwenye buibui. Alitazama kile kipande kilichoandikwa Rashidi bin Abilahi, kisichoonyesha namba yoyote, na midomo yake mikavu ikasema kabla hajaulizwa na mtu:

"Restuta... namba mbili umeipata wapi?"